Uji na Ugali Ukutani mwa Batian

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na cherehani, nimeifunga nyuma ya bodaboda. Tangazo lililobandikwa kwenye duka la vitambaa pale Ruiru lilisema anatakiwa fundi wa kushona mishipi, nami nikajua ni mishipi ya suruali, kazi niliyoifanya tangu nikiwa msichana. Nilipofika kwenye godauni lenyewe, mzee mmoja mwenye koti la kaki akanipa kitu chenye mkanda wa kiunoni na mikanda miwili ya mapajani. Nikakigeuza huku na huku, nikamwuliza ni cha punda wa aina gani.

Hakucheka. Alikuwa Msimamizi wa Stoo, mtu wa Kamenu kule Thika, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwona akicheka kabla ya chai ya saa nne. Alikivaa kile kitu, akajifunga kamba mbele yake, akaipitisha juu ya boriti la paa, akanipa ncha ya pili niishike. Halafu akapanda ngazi, akajiachia. Alining'inia pale kama ndizi mkunguni, nami na uzito wangu wote tukanyanyuka kidogo kutoka sakafuni.

"Sasa umemjua punda," akasema. "Ni mimi. Shona kama unanishonea mimi."

Ndivyo nilivyoingia katika kituo cha kuwatayarisha watu kupanda miamba. Nilikuwa na karibu miaka arobaini, nyumba ya kupanga Mwiki, watoto watatu, wa kwanza Wangui, na mume fundi wa mabomba. Nilikuwa sijawahi kuona Mlima Kenya ila kwa mbali asubuhi, ukijitokeza upande wa Thika kabla ya mawingu kuufunika. Leo nimestaafu, na vijana wa mtaa wakisikia nilifanya kazi gani hudhani nilikuwa nikiuza maji ya chupa kwa watalii. Nawaandikia hawa, ili wajue kazi ilifanywaje na kwa nini maneno fulani ya jikoni yanapigwa kelele kwenye miamba hadi leo.

Stoo ilikuwa shule yangu ya kwanza, nayo ilichukua miaka minne. Ule mshipi niliodhani ni wa punda ndio unaomshika mpandaji asianguke. Kuna karabina, pete ya chuma yenye mlango unaojifunga, na kuna nati, vipande vya chuma vyenye waya ambavyo mpandaji husokomeza kwenye ufa wa mwamba ili kamba ipate mahali pa kushika. Vyote hivyo hukaguliwa kila vinaporudi. Lakini mwenye nyumba ni kamba. Kila kamba ilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari: siku ilipotoka dukani, ilikokwenda, nani aliangukia juu yake. Tuliiosha kwa maji baridi kwenye beseni, tukaianika kivulini, na ole wako ukiiweka karibu na asidi ya betri au dawa ya kung'arisha nguo.

Msimamizi wa Stoo alinifundisha kuikagua nikiwa nimefumba macho. Alisema macho hudanganywa na rangi, lakini vidole havidanganyiki. Unaipitisha kamba polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, urefu wote, hatua sitini au sabini, na ukifika mahali ambapo imelegea ndani, vidole vinajua. Mimi nilikuwa nimepapasa vitambaa maisha yangu yote. Mwezi wa tatu nilipata pahali pabovu ambapo yeye mwenyewe alikuwa amepapita. Alipapasa tena, akachukua kisu akaikata ile kamba katikati. Siku hiyo alinipa daftari nilishike mimi, na tangu hapo sikutamani cheti kingine chochote.

Kutoka stoo nilihamishiwa kwari. Ni machimbo ya mawe ya kujengea upande wa Thika, sehemu iliyokwisha kuchimbwa, ukuta wima uliobaki baada ya mashine kupita. Jirani yetu kwari nyingine ilikuwa bado inafanya kazi, misumeno ikilia kutwa na malori yakipanda kwa gia ya kwanza. Jiwe lile ni laini, halifanani na la Batian, ile ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya. Lakini lilikuwa na faida yake. Ukilikanyaga kwa pupa linamomonyoka, kwa hivyo lilitufundisha kuweka mguu kwa adabu.

Mkuu wa pale alikuwa Mkufunzi Mkuu, mtu wa pwani, mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mstari wa rula. Yeye ndiye aliyesema kwamba mwanamke anayeweza kushona kola mia moja bila kukasirika anaweza kushika kamba. Basi nikawa mshika kamba. Mpandaji anayetangulia hupanda akivuta kamba nyuma yake, na wewe uliye chini unamtolea kidogo kidogo. Ukimpa haba anakwama. Ukimpa nyingi, akianguka anaanguka mbali. Maisha yake yamo mikononi mwako, na hakuoni.

Kwa sababu hakuoni, mnaongea kwa kupiga kelele, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mkufunzi Mkuu hakupenda tutumie Kiingereza. Alitupa amri zake mbili, safi, za kamusi. Mpandaji akitaka kamba zaidi aseme "Legeza." Akitaka irudishwe, ikazwe, aseme "Rejesha." Yeye akizisema ungedhani anasoma taarifa ya habari. Sisi tulizikariri tukapita mtihani wake, tukizisema kwa upole tukiwa tumesimama karibu karibu chini ya turubai.

Sasa mpandaji wetu bora alikuwa Njoroge, kijana wa Ruiru aliyekuwa akipiga plasta kwenye majumba ya ghorofa kabla hajaja kwetu. Hakuogopa urefu hata kidogo. Mimi na yeye tulikuwa jozi moja, yeye juu na mimi chini, na Mkufunzi Mkuu alikuwa ametutangazia jambo kubwa. Mpaka wakati huo watu wetu walibeba mizigo hadi chini ya ukuta wa Batian, wakapika chai, wakangoja wengine washuke wapigwe picha. Meneja wetu alikuwa amekubali kwamba mwezi wa nane, jua likiwa upande wa kaskazini na mwamba umekauka, watu watatu wa kituo chetu wapande ukuta wa kaskazini wenyewe: Mkufunzi Mkuu, Njoroge, na mshika kamba mmoja. Tukifika juu, kituo kingeanza kufundisha waongoza wapandaji wake mwenyewe. Mshika kamba huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemwambia kila mtu Mwiki, hata muuza mboga.

Wiki mbili baadaye, kwenye kwari, Njoroge alikuwa juu kabisa ya mwamba, lori likinguruma upande wa pili. Nikamsikia akiita. Nikasikia niilegeze kamba, nikamtolea mkono mzima. Papo hapo mguu ukamteleza. Alianguka umbali wote ule niliomwongezea, akagonga ngazi ya jiwe, na kifundo cha mguu kikavunjika. Nilisikia kikivunjika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi la mkuu tulilisikia, na guu likavunjika vilevile.

Mkufunzi Mkuu hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alinifungua kamba kutoka kiunoni yeye mwenyewe.

"Bi Wairimu," akasema, "ulilala. Rudi stoo."

Nikarudi stoo. Niliona aibu kubwa sana. Muuza mboga aliponiuliza habari za mlima nikaanza kununua mboga pengine. Na mbaya zaidi, nilimwamini Mkufunzi Mkuu. Nilijiambia kweli nililala nikiwa nimesimama, kwamba uzee umeingia masikioni, kwamba mshonaji abaki kwenye ushonaji. Ilinichukua siku tisa kupata moyo wa kwenda kumwona Njoroge hospitalini.

Nilimpelekea githeri, mahindi na maharagwe ya nyumbani, na chupa ya chai. Alikula bila kuniangalia, mguu umefungwa plasta, na mimi nikazungumza habari za hali ya hewa. Mwishowe aliweka kijiko chini.

"Mama Wangui, hebu niambie tu. Mbona uliniongezea kamba, na mimi nilikuwa nakuambia uregeshe?"

"Wacha, Njoroge. Ulisema niregeze."

"Nilisema uregeshe."

"Si ndio hiyo umesema sasa, niregeze?"

Tukatazamana. Akarudia neno lake polepole, nami nikarudia langu, kama watoto wa darasa la kwanza. Sisi watu wa huku, herufi ile ya kwanza ya "legeza" hutugeukia mdomoni ikawa "r", tukasema "regeza", na "rejesha" yenyewe tunaisema "regesha" tangu kwa mama zetu. Kwa hivyo amri mbili za Mkufunzi Mkuu, moja ya kukuokoa na moja ya kukuachia, zilipofika Ruiru zilikuwa zimebaki na tofauti ya sauti moja ndogo katikati, na sauti hiyo lori linaimeza bila kutafuna. Njoroge alianza kucheka hadi nesi akaja kuona kama ni maumivu. Mimi nililia. Nililia kwa furaha, kwa sababu sikuwa nimelala.

Tukahitaji maneno mengine, na kuyapata hakukuwa rahisi. "Kaza" na "ongeza" zinaishia sawa, na upepo hula mwanzo wa neno. "Vuta" na "shuka" pia zilichanganyika. Njoroge alitoka hospitalini akawa anakuja kwangu Mwiki na magongo yake, tunakaa uani tunaitana maneno kama vichaa, majirani wakishangaa.

Jibu lililetwa na mume wangu bila yeye kujua. Alifika jioni moja, bodaboda ikiwa bado inanguruma langoni, akanipigia kelele kutoka barabarani kuuliza ni uji ama ni ugali, maana kama ni uji alitaka apitie mkate. Nikamjibu ugali. Akasikia, mimi nikamsikia, na ile pikipiki ilikuwa haina hata kizuia kelele. Njoroge akainua gongo moja hewani.

Hebu fikirini. Uji ni mwepesi, unamiminika: kamba ilegee. Ugali ni mgumu, umeshikana: kamba ikazwe. Uji ni mfupi, ukishausema umekwisha. Ugali unaweza kuuvuta pale katikati mpaka pumzi iishe. Na hata mtu wetu akisema "ugari", hakuna mtu duniani atakayedhani anaomba uji.

Tulimwendea Mkufunzi Mkuu. Alitusikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Hii ni kazi ya roho za watu," akasema. "Si hoteli."

Nilimwomba kitu kimoja tu, asimame yeye chini ya mwamba, urefu mzima wa kamba, misumeno ya jirani ikilia, aandike atakachosikia. Sikumwomba kwa unyonge. Nilikuwa nimeshonea roho za watu miaka minne kabla hajanijua, na nilimwambia hivyo. Alikubali, kwa sababu pamoja na ukali wake alikuwa mtu wa haki. Njoroge alikaa juu na magongo yake akaita amri ishirini za zamani na ishirini za jikoni. Mkufunzi Mkuu akaandika. Tulipolinganisha karatasi, maneno yake mwenyewe alikuwa amekosea zaidi ya nusu, na uji na ugali hakukosea hata mara moja.

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Akasema mimi nirudi kwenye kamba, na kwamba sisi tutumie hayo yetu tukitaka, lakini yeye hakuzaliwa kwa Kiswahili ili aje kuagiza chakula akiwa mlimani.

Safari iliahirishwa mwaka mzima mpaka mguu wa Njoroge ukapona, na mwaka huo tulijitayarisha kama watu wanaokwenda kuposa. Ruiru ilikuwa ikijengwa kila kona majumba ya kupangisha, na mafundi walimjua Njoroge, basi kila asubuhi tulipanda ngazi za jengo lisilomalizika, ghorofa saba, tukiwa na mifuko ya mchanga mgongoni. Mafundi walitushangilia mwanzoni, baadaye wakatuagiza tuwapandishie mchanga wao, na tukawapandishia. Jumamosi tulikwenda kwenye kilima cha Kilimambogo, juu na chini mara mbili kwa siku. Jioni nilikaa na beseni la maji ya barafu iliyoombwa kwa muuza soda, mikono ndani mpaka ife ganzi, halafu nifunge mafundo yote saba ya kamba bila kuangalia. Mume wangu alisema nimerogwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiniletea barafu.

Kamba mbili za safari nilizikagua mwenyewe, macho nimefumba, mara tatu. Msimamizi wa Stoo, ambaye wakati huo alikuwa ameshazeeka na anatembea na mkongojo, alikuja kutoka Kamenu akazipapasa mara ya nne. Hakupata kitu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na alicheka.

Mlimani tulilala siku nne kambini ili mwili uzoee hewa nyembamba, maana kule ukiharakisha kichwa kinapasuka na chakula hakikai. Siku ya tano tulianza ukuta alfajiri. Njoroge alitangulia urefu mmoja wa kamba, Mkufunzi Mkuu mwingine, wakibadilishana, mimi nikiwashika wote wawili. Mwamba ule! Baada ya kwari ya mawe laini, ulikuwa kama kushika ukingo wa meza ya chuma. Kila Njoroge alipoita "Uji!" nilitoa, na kila alipoita "Ugaaali!" nilikaza, na sauti ikigonga kwenye ile miamba na kurudi, mlima mzima ulionekana kuwa na njaa. Mkufunzi Mkuu aliendelea na yake, legeza, rejesha, na kwa kuwa hewa ilikuwa shwari na mdomo wake ulikuwa safi, nilimsikia.

Mahali pagumu pa njia hiyo ni mnara wa mwamba karibu na juu, na zamu ikawa yake. Alikuwa amepanda nusu yake, amepotea nyuma ya kona, wingu lilipotufunika na upepo ukaanza. Kamba ikasimama. Nikasikia kitu. Mwanzo ulikuwa umeliwa, mwisho ulikuwa "a". Sikujua ni ipi. Sheria yetu baada ya ile siku ya kwari ilikuwa usiposikia usiguse, basi nikashika kamba kama ilivyo. Akaita tena, na tena sikuelewa. Njoroge, aliyekuwa kando yangu, aliniachia uamuzi, kwa sababu mshika kamba nilikuwa mimi.

Ndipo sauti ile ya taarifa ya habari ikashuka kutoka ndani ya wingu.

"Ugali, Bi Wairimu! Ugaaali!"

Nikakaza mpaka kamba ikaimba. Papo hapo jiwe alilolikanyaga lilitoka, likapita kando yetu likivuma. Uzito wake ulinivuta nikagongana na mwamba, na nilimshika. Hakushuka hata hatua moja kamili. Tulikaa hivyo kwa muda, yeye akining'inia kwangu nami nikining'inia kwenye nati tatu nilizozikagua kwa mikono yangu, na nilijua hata ikibidi nimshike mpaka jioni, nitamshika. Baadaye kidogo kamba ikawa nyepesi, na kutoka juu akaita, wazi kabisa, "Uji."

Tulifika juu ya Batian mchana. Wingu lilipasuka upande wa kusini, na Njoroge akasema anaiona Thika, jambo ambalo si kweli lakini sikumpinga. Alinikumbatia akalia begani mwangu. Mkufunzi Mkuu alisubiri amalize, akanipa mkono, akaushikilia.

"Ugali umeiva," akasema.

Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kutoka kwake, na nimeitumia miaka yote hii bila kuisha. Kituo kilianza kufundisha waongoza wapandaji mwaka uliofuata, Njoroge akiwa mwalimu wao wa kwanza, na mimi mkuu wa washika kamba hadi nilipostaafu. Mkufunzi Mkuu alirudi pwani. Hunipigia simu sikukuu, na kabla ya salamu huuliza leo nimepika nini, nami humjibu kulingana na hali yangu: nikiwa mgonjwa ni uji, nikiwa mzima ni ugali.

Vidole vyangu sasa vinauma wakati wa baridi, lakini bado vinajua. Nikishika shati la mtu najua mshono utakaotoka kwanza. Vijana, msidharau kazi ndogo mliyoanza nayo, maana hamjui italetwa lini mezani. Na mkifundishwa maneno na mkuu, yajaribuni kwenye kelele kwanza, kwa vinywa vyenu wenyewe.

Mwezi uliopita nilipita kwari. Palikuwa na mkufunzi msichana nisiyemjua, na wanafunzi kama kumi. Mshika kamba mmoja alikuwa hajafika, nikamwambia ninaweza kumsaidia. Akanitazama nywele nyeupe na sketi yangu, akaniita kama anavyomwita bibi yake.

"Cucu, ushawahi kushika kamba?"

Nikamwambia kidogo. Akanifunga mshipi, akanieleza kwa subira kwamba wakiita uji nilegeze, na wakiita ugali nikaze. Nikamwuliza kwa nini uji na ugali. Akafikiri.

"Ni maneno ya kitambo tu, cucu. Nafikiri yalitoka ng'ambo, watu wakayatafsiri."

Nikasema kumbe. Mwanafunzi wake alikuwa ameshapanda nusu ya ukuta, lori likipanda upande wa pili kwa gia ya kwanza, na mguu wake nikauona ukitetemeka.

"Ugari!" akaita. "Ugaaari!"

Nikakaza.